Ufunguo wa Kanisa la Mawe: Kisa cha Ziara Moja ya Kupiga Picha, Julai 2020

Majina ya watu, kanisa na kijiji nimeyaondoa, na mambo mawili matatu ambayo yangemfanya jirani alitambue boma nimeyabadilisha. Tarehe za amri za serikali ni zilezile. Nakiandika kisa hiki kwa ajili ya wapiga picha wenzangu wa Nairobi ambao bado wanazunguka mashambani wakitafuta makanisa ya zamani, kwa sababu swali lililotushinda siku ile linarudi kila msimu wa homa, hata bila korona: ni nani anayetufungulia mlango, na sisi tunamletea nini?

Usuli

Kikundi chetu ni cha watu wanne wa Nairobi: mwalimu, fundi wa umeme, mhasibu na mimi. Hakuna anayelipwa. Kwa miaka kadhaa tumekuwa tukipiga picha za makanisa ya mashambani yaliyojengwa kabla ya Uhuru, hasa yale ambayo waumini wamejenga jengo jipya kando, na la zamani limebaki stoo ya viti au darasa la Shule ya Jumapili. Majengo haya hayabomolewi kwa siku moja. Mwaka huu yanang'olewa madirisha ya chuma na kuwekwa ya alumini, mwaka kesho dari ya mbao inashushwa na kuwekwa jipsamu, mwaka wa tatu mawe yanapigwa plasta, na mgeni akifika hana njia ya kujua kwamba yuko ndani ya kazi ya mababu.

Ukanda unaozunguka Nairobi umejaa makanisa ya aina hii. Wamisheni wa Scotland walihama Kibwezi wakaja Kikuyu mwaka 1898, na jina la Thogoto lenyewe limetokana na jinsi Wakikuyu walivyowatamka Waskoti. Hapo ndipo madhehebu kadhaa ya Kiprotestanti yalipokutana mwaka 1913 kujadili kushirikiana, na hapo limesimama Church of the Torch. Ukiteremka bonde kwa barabara ya zamani ya Naivasha utalikuta kanisa dogo la Mai Mahiu, lililojengwa mwaka 1942 na wafungwa wa vita wa Kiitaliano waliokuwa wakichonga barabara ile mlimani. Upande wa Murang'a, Wakonsolata, wamisheni Wakatoliki, walifika Tuthu mwaka 1902. Mjini Murang'a kwenyewe kuna kanisa kuu la Mtakatifu Yakobo ambamo Elimo Njau alichora maisha ya Yesu ukutani, na Yesu huyo ni Mwafrika katika nchi ya vilima na migomba. Mtu akisimama mbele ya michoro ile mara moja, hataacha tena kuchungulia ndani ya kanisa lolote la mawe analolipita njiani.

Kisha ukaja mwaka 2020. Mgonjwa wa kwanza wa korona nchini alitangazwa tarehe 13 Machi. Kabla ya mwezi kwisha ibada za hadhara zilikuwa zimesimamishwa, na kuanzia tarehe 27 Machi ikawa ni kafyu, saa moja jioni hadi saa kumi na moja alfajiri. Tarehe 6 Aprili Nairobi na viunga vyake vikafungwa: hakuna kuingia, hakuna kutoka. Kwenye barabara ya Thika mpaka uliwekwa katika daraja la Mto Chania. Kanisa la kisa hiki liko ng'ambo ya mto huo.

Kwa miezi mitatu tulipiga yale yaliyokuwa ndani ya mpaka, kutoka nje, mengi yakiwa na mnyororo mlangoni. Tarehe 7 Julai njia zikafunguliwa. Ibada nazo zikaruhusiwa kurudi kidogo kidogo: watu wasiozidi 100, saa moja tu, na wasihudhurie watoto wa chini ya miaka 13 wala wazee waliopita miaka 58.

Nilisoma agizo hilo mara kadhaa bila kuona lilichokuwa likinionyesha. Katika makanisa yote ya zamani ambayo tumewahi kuyazuru, mwenye ufunguo ni mtu aliyepita umri huo. Yule ambaye serikali ilisema asikae ndani ya kanisa na waumini wenzake ndiye tuliyempigia simu atukaribishe ndani.

Simu ya Jumanne

Katikati ya Julai mwalimu alipata habari kwamba kamati ya kanisa hilo imeamua kuezua paa Agosti. Waumini walikuwa wachache, ibada ilikuwa fupi, kwa hiyo wazee wa kanisa waliona huo ndio wakati wa ukarabati. Dari ya mbao za mutarakwa, aina ya mwerezi, ingeshuka pamoja na mabati.

Tulikuwa na njia tatu. Kungoja janga lipite, na kuikosa dari. Kupiga kutoka nje tu, ambako pia ni kuikosa. Au kwenda, kuingia, kupiga haraka na kutoka. Tulichagua ya tatu, na mpaka leo siioni kama ilikuwa kosa. Makosa yalianzia namna tulivyoipanga.

Mwalimu alimpigia katibu wa kanisa siku ya Jumanne. Katibu ni mtu wa makamo, ana simu ya kisasa, anaishi mjini. Alituruhusu bila kusita na akamalizia, "Mzee wa funguo atawafungulia." Tukashukuru, tukakata simu. Hakuna kati yetu aliyeuliza mzee huyo ana miaka mingapi, anaishi na nani, anaumwa nini, au kama yeye mwenyewe amekubali.

Siku yenyewe

Ilikuwa Jumamosi ya mwisho wa Julai. Tuliondoka Nairobi alfajiri, sote wanne katika gari moja. Barakoa tulizivaa hadi Roysambu. Hapo chupa ya chai ikafunguliwa, mandazi yakapita, na barakoa zikabaki kidevuni, tukizipandisha tu tulipoona askari barabarani. Vioo tulivifunga. Julai ni mwezi wa baridi, na kuanzia Juja ukungu ulikuwa umelala barabarani. Tulikaa hivyo kwa saa moja na nusu.

Mzee alikuwa akitungoja nje, amevaa koti zito la kijivu na kofia ya sufu, barakoa yake ya kitenge ikining'inia kwenye sikio moja. Alikuwa amepita miaka sabini. Kando ya mlango palikuwa na mtungi wa plastiki wenye bomba, juu ya kigoda, na kipande cha sabuni ndani ya soksi iliyofungwa kwa kamba ili isiibwe wala kuanguka matopeni. Juu ya mti wa karibu kilining'inia kipande cha reli, na nyundo kuukuu imechomekwa katika panda ya tawi. Hiyo ndiyo kengele ya kanisa.

"Karibuni, vijana."

"Asante sana, Guka," tukamjibu, yaani babu kwa Kikuyu. "Tumechelewa kidogo, ukungu ulikuwa mwingi."

"Sema tena? Sikio hili limelala."

Tulinawa mikono mmoja baada ya mwingine. Mhasibu alitoa sanitaiza akakipulizia kufuli, akaupulizia ufunguo, akampulizia mzee viganja na sisi vyetu. Tuliona tumemlinda. Mlango ulikuwa umevimba kwa unyevu ukagoma. Fundi wa umeme na mzee wakausukuma pamoja, bega kwa bega, mpaka ukaachia.

Ndani, kila benchi lilikuwa na alama mbili za chaki, mwanzo na mwisho, kuonyesha pa kukaa. Dari ilikuwa kama tulivyoambiwa: mbao nyembamba zilizopangwa kama mbavu za mtumbwi uliopinduliwa, nyekundu iliyoiva, na pale maji ya mvua yalipopenya pana ramani nyeusi yenye ukingo mweupe. Juu ya tao la madhabahu paliandikwa mstari wa Zaburi kwa Kikuyu, herufi za rangi ya samawati zilizochorwa kwa mkono. Mchoraji alikosea hesabu ya nafasi, hivyo maneno ya mwisho yamebanana na herufi zake zimekonda, zimesimama wima kama watu waliojazana katika matatu.

Mwanga ulikuwa haba. Picha ya dari ilihitaji sekunde nane, kamera ikiwa imetulia juu ya tripodi, na sakafu ya mbao ilitikisika kila mtu alipopiga hatua. Picha moja niliirudia mara sita. Mzee aliona baridi inatuingia akaurudisha mlango. Alifanya hivyo kwa wema, nasi tukamshukuru.

Kisha akatuita chumba cha nyuma, cha mchungaji. Ni chumba cha hatua nne kwa tatu, dirisha moja, na dirisha hilo lilikuwa limekwama kwa kutu. Kutoka kabatini alitoa daftari la ubatizo, jalada la turubai, kurasa zimenona kwa unyevu. Mchwa walikuwa wametoboa kona ya juu tundu moja jembamba linaloshuka ukurasa hadi ukurasa, hivi kwamba ukiufunua upesi unaliona tundu likihama kama jicho. Wino ulikuwa umegeuka rangi ya chai. Mahali pa sahihi ya mzazi, katika kurasa za mwanzo, pana alama za kidole gumba, safu nzima.

Nilianza kumuuliza maswali. Alinitazama mdomo.

"Kijana, hicho kitambaa kinameza maneno. Mimi husikia kwa macho."

Nikaishusha barakoa. Yeye naye akaiondoa yake kabisa, akaitia mfukoni. Tulikaa hivyo kwa dakika arobaini, mimi mbele yake, fundi wa umeme amesimama nyuma ya bega lake akishika taa, mhasibu mlangoni akiandika. Nyakati za kila picha tunaziandika siku zote, na nyakati hizo ndizo zilizoniwezesha baadaye kujua urefu wa kila kitu: kanisani saa moja, chumba cha nyuma dakika arobaini.

Kabla ya kuondoka tulipiga picha ya reli mtini, moja, haraka, kwa kuwa mwanga ulikuwa umekuwa mzuri.

Siku nane zilizofuata

Jumatatu usiku fundi wa umeme hakusikia harufu ya kitunguu alichokuwa akikaanga. Jumanne asubuhi alituambia. Jumatano alipimwa, na majibu yalitoka Jumamosi usiku: anavyo virusi.

Kati ya Jumanne na Jumamosi tulijadiliana kama tumpigie katibu. Mwalimu alitaka tupige siku hiyohiyo ya Jumanne. Mimi nilisema tungoje majibu. Naziandika hoja zangu kama zilivyokuwa, kwa sababu nilizisema kwa dhati. Wakati ule kuambiwa una korona kijijini kulikuwa jambo la kutisha. Watu walikuwa wameona picha za maiti zikizikwa usiku na watu waliovaa mavazi meupe kichwa hadi miguu, mazishi yakiwa ya watu 15. Mwongozo wa kuuguza wagonjwa nyumbani ulikuwa umetoka Juni tu, na wengi bado waliamini kwamba kupatikana na virusi ni kuchukuliwa na gari la wagonjwa kwenda karantini. Nilidhani kuzusha hofu hiyo kwa boma la mzee kwa sababu ya pua ya mtu mmoja ni ukatili.

Wenzangu wakakubali. Jumapili, baada ya kupata majibu, tulipiga simu saa saba mchana. Ibada ilikuwa imekwisha. Mzee alikuwa ameamka mapema kama kawaida, amefungua mlango, amepangusa mabenchi, ameigonga reli, kisha waumini walipoanza kuingia akatoka akakaa chini ya mti, kwa kuwa agizo la umri lilimtaka asiwe ndani.

Katibu alinyamaza kwa muda mrefu. Halafu akauliza, "Mlijua lini?"

Matokeo

Mzee alianza kukohoa Jumatatu, siku moja baada ya simu yetu. Alihamia nyumba ndogo ya mwanawe anayefanya kazi mjini, hatua thelathini kutoka kwa nyumba yake, kwa sababu mkewe ana kisukari. Mhudumu wa afya ya jamii alimpigia kila jioni, na mara mbili alikuja hadi kwenye ua. Hakupimwa. Kikohozi kilimshika siku tisa, kikaisha, na mkewe hakuugua. Kwetu sisi, fundi wa umeme na mwalimu aliyekaa kando yake garini walipatikana na virusi. Mhasibu na mimi hatukuwa navyo. Kwa hiyo siwezi kusema tulimwambukiza, na sitasema hatukumwambukiza.

Wazee wa kanisa walifunga ibada kwa Jumapili mbili. Makanisa mengine matatu ya eneo hilo, ambayo tayari yalikuwa yametukubalia, yalituma ujumbe kwamba tusije.

Lililoumiza zaidi lilikuwa maziwa. Boma lile lina ng'ombe wawili, na maziwa ya ziada, lita nane hivi kwa siku, huuzwa kwa majirani na kwa kibanda cha chai njia panda. Habari ilipoenea, wateja waliacha kuja. Hakuna aliyesema neno. Vyombo tu havikuletwa. Maziwa yalipewa ndama, mengine yakamwagwa. Hali hiyo ilidumu siku kumi na tisa. Tulijua kwa sababu mwalimu alimuuliza katibu moja kwa moja, "Wamepoteza nini?" badala ya kuuliza "Wako salama?" Tulipiga hesabu: lita nane, shilingi 40 kwa lita, siku 19, jumla shilingi 6,080. Tulituma kwa M-Pesa kwa mke wa mzee, tukaeleza hesabu ilivyofikiwa. Akajibu neno moja: "Nimepokea."

Paa liliezuliwa Oktoba, si Agosti. Mbao za dari zilitumiwa na mafundi kama jukwaa la kusimamia, na zilizobaki zikawa kuni. Ukuta ulipakwa rangi mpya ya krimu, na mpakaji akaufunika mstari wa Zaburi. Mwezi wa Januari 2021 katibu alinipigia. Waumini wazee walikuwa wamelalamika. Je, tunayo picha ya yale maandishi, kubwa ya kutosha kunakili herufi?

Tulikuwa nayo.

Uchambuzi

Kosa la kwanza lilikuwa la ruhusa. Tulimwomba katibu, ambaye hakuwa na hatari yoyote katika ziara ile, na tukachukua jibu lake kuwa jibu la mzee. Katika makanisa ya mashambani mwenye mamlaka na mwenye ufunguo mara nyingi ni watu wawili, na wa pili hana nafasi ya kukataa. Ameagizwa na wakubwa wake, na tena utamaduni unamtaka ampokee mgeni. Mzee hangeweza kutuambia tusimame mbali. Alifunga mlango ili tusipigwe na baridi. Kumwachia mtu wa namna hiyo kazi ya kujilinda dhidi ya wageni wake ni kumtwika mzigo ambao adabu yake haimruhusu kuubeba.

Kosa la pili ni hewa, na hapa nataka nikae kidogo, kwa kuwa ndilo tulilokuwa na uwezo wa kulijua. Maagizo ya wakati ule yalisisitiza mikono na umbali wa mita moja na nusu, nasi tukayatii kwa bidii: sabuni, sanitaiza, kufuli lililopuliziwa. Lakini tarehe 6 Julai wanasayansi 239 walikuwa wamechapisha wito kwa mashirika ya afya yatambue kwamba virusi huelea hewani katika vyumba vilivyofungwa, na siku tatu baadaye Shirika la Afya Duniani likakiri kwamba jambo hilo haliwezi kukataliwa. Habari hizo zilikuwa magazetini. Mhasibu alikuwa ameisoma. Hata hivyo hatukuibadilisha safari kulingana nayo, kwa sababu kunawa mikono kunaonekana na hewa haionekani. Ukishapulizia kufuli unahisi umemaliza. Ukumbi wa kanisa wenye dari ndefu na mlango wazi ungekuwa salama kiasi. Mlango ulipofungwa, usalama ulipungua. Na kile chumba cha nyuma, watu wanne, dirisha lililokwama, dakika arobaini, uso kwa uso: kama mtu angeniagiza nitafute mahali pabaya zaidi katika jengo lile, ningepata palepale.

Gari nalo lilikuwa chumba. Saa moja na nusu ya vioo vilivyofungwa ilitosha kuwafanya walioambukizwa kati yetu kuwa wawili badala ya mmoja.

La tatu ni sikio. Nimeulizwa na wenzangu kama kosa langu lilikuwa kushusha barakoa. Ndiyo, lakini naona chanzo chake kiko nyuma zaidi. Tulienda kumhoji mzee bila kufikiri kwamba wazee wengi hawasikii vizuri na kwamba barakoa ingewanyima midomo wanayoisoma. Tulipofika pale palikuwa na njia mbili tu, kuishusha au kutomsikiliza, na kutomsikiliza mtu aliyetufungulia nyumba ya baba zake nisingeweza. Ilitakiwa tuje na njia ya tatu kutoka nyumbani.

Kuhusu zile siku tano za kungoja, sina cha kujitetea. Hoja yangu ya kuwaepusha na hofu ilikuwa na ukweli ndani yake, ila ilinifaa mimi kuliko mzee. Kama tungepiga Jumanne na kusema, "Mwenzetu ana dalili, bado hatujui, tunaomba mzee akae kando hadi Jumapili," mtu mwingine angefungua mlango siku ile, na uamuzi ungekuwa mikononi mwa wenyewe. Nilishikilia habari iliyowahusu wao nikiwaamulia kama wanaweza kuistahimili. Swali la katibu, "Mlijua lini?", halikuwa na jibu zuri, na ndilo lililofunga milango ya yale makanisa matatu. Ugonjwa wenyewe wangetusamehe.

Yako yaliyofaa. Kuandika nyakati kulitupa ukweli wa kumwambia mhudumu wa afya: nani alikuwa wapi, na kwa dakika ngapi. Kutopiga picha za daftari zima kulikuwa uamuzi mzuri, ingawa ulinikereketa. Tulipiga jalada na kurasa mbili tu, ambamo mzee mwenyewe alituonyesha jina la baba yake. Kurasa nyingine zina majina ya watu ambao watoto wao wako hai, na maelezo kuhusu ndoa na uzazi ambayo si yetu kuyatawanya. Mahali pa kanisa hatukupataja katika mtandao, kwa hiyo habari ilipoenea ilienea kijijini tu; hakuna mgeni aliyeliandama boma lile kwenye simu.

Swali la mwalimu kuhusu hasara nalo nimelichukua kuwa la kudumu. Pole ni nyepesi kutuma. Hesabu ya maziwa ilitulazimu tujue boma linaishi kwa nini.

Je, ilitubidi kwenda? Nasema ndiyo. Bila ile Jumamosi, mstari ule usingerudi ukutani. Lakini dari na maandishi tungeweza kuyapata kwa nusu saa, mzee akiwa amefungua mlango na madirisha saa mbili kabla yetu, ufunguo ukiwa msumarini, yeye akiwa kwake. Kila tulichokizidisha juu ya hapo kilikuwa ni hamu yetu, na gharama yake ilienda kwake.

Ziara ya pili

Tulirudi Februari 2021, watu wawili, tukiwa tumeingia katika magari mawili. Safari hii katibu alitupa nambari ya binti wa mzee, na tulizungumza naye kwanza. Alituuliza mambo manne, akatupa masharti matatu: hakuna kuingia chumba cha nyuma, mzee atakaa chini ya mti, na muda wa saa moja ukiisha tuondoke. Tuliyakubali.

Mchoraji wa mabango kutoka mji wa karibu alikuwa tayari amenakili herufi kutoka kwenye picha tuliyoichapisha kwenye karatasi ndefu, pamoja na yale maneno ya mwisho yaliyobanana. Kamati ilibishana kama yanyooshwe. Waliamua yabaki yalivyokuwa.

Nilikuwa nimebeba daftari la kuchorea la watoto na kalamu nene nyeusi. Nilisimama hatua sita kutoka kwa mzee, barakoa usoni, nikaandika kwa herufi kubwa, nikaliinua: RELI HII ILITOKA WAPI?

Alikunja macho, akasoma polepole, midomo ikisogea. Kisha akaitazama reli.

"Thika," akasema kwa sauti ya kunifikia. "Waliibeba kwa mabega, watu sita, siku mbili. Baba yangu alikuwa wa nyuma upande wa kushoto. Mara ya kwanza hamkuniuliza."

Nikafungua ukurasa mwingine.